Mafuta Yafaayo kwa Mipira ya Paa la Motokaa

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama na makarani, Mshangano, Songea



Tumeombwa tuseme habari ya mafuta ya kupaka mipira ya paa la motokaa. Twajua ya kuwa baadhi yenu mlipolisoma tangazo mlicheka, mkaulizana, Je, hapa Mshangano ni wangapi walio na motokaa ya kufunuliwa paa? Kweli, hesabu yake ni fupi. Ziko Suzuki ndogo za paa la turubai. Ziko Land Rover za zamani ambazo turubai lake hufungwa kwa kamba na vishikizo. Na tena ziko motokaa zilizotoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, zenye kidirisha cha paa, na wenyewe wengi hawajui kwamba kidirisha kile kimezungukwa na mpira. Walakini hata motokaa yenye paa la bati tupu ina mpira milangoni, ambao mafundi wetu huuita raba, na tabia ya mpira ni moja, uwe juu ya kichwa au ubavuni. Basi asiye na motokaa ya turubai asiondoke.

Twaanza na kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufanya tutafute elimu hii.

Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, wakati vumbi jekundu limetanda kila mahali, mwenzetu mmoja alitulalamikia ya kuwa paa la Suzuki yake lalia kama mlango wa ghala kila apitapo penye mashimo, na ya kuwa mpira uliopo juu ya kioo cha mbele umekauka na kupauka. Sisi tulikuwa na kopo la grisi, ile ya kupakwa magurudumu. Tukaona, kitu kikavu dawa yake ni mafuta. Tukafunua paa, tukapaka mpira wote kuuzunguka, tena kwa ukarimu. Mara ile kelele ikakoma. Mpira ukang'aa kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, na mwenye motokaa akatusifu, nasi tukasifika.

Mwezi wa Desemba mpira ule ulikuwa umevimba. Ulikuwa laini, wanata vidoleni, na mahali pengine umetoka katika mfereji wake wa bati ukaning'inia. Paa halikufungika mpaka lipigwe kwa kiganja. Mwenye motokaa hakutuambia. Labda aliona haya kwa ajili yetu. Siku moja tukasafiri naye kutoka Mbinga, na nyuma ya kiti tulikuwa na bahasha kubwa yenye karatasi za mwalimu mmoja mstaafu, ambazo tulikuwa tumejitolea kumpelekea ofisini hapa Songea ili apate malipo yake ya uzeeni. Mvua ikatukuta njiani, mvua ya kwetu mnaijua, isiyomwambia mtu ajitayarishe. Maji yakaingia penye pembe ya juu ya kioo, yakafuata ubavu wa ndani wa turubai, yakashuka taratibu nyuma ya kiti, wala sisi hatukuyaona mpaka tulipofika. Barua yake ya kuajiriwa, ya mwaka 1984, iliyopigwa kwa mashine na kutiwa muhuri wa wino, ilikuwa imekuwa kama chapati mbichi.

Tulikwenda kwake kumwambia. Mzee yule alitukaribisha chai, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: Je, muhuri waonekana? Haukuonekana. Miezi mitano ikapita kabla nakala ya barua ile haijapatikana katika majalada ya zamani, na miezi hiyo yote mzee aliishi kwa kukopa. Tulimsaidia tulivyoweza. Lakini hasara ile ilitokana na kopo la grisi, na mkono ulioshika kopo ulikuwa wetu.

Basi tukauliza: kwa nini grisi, ambayo huponya chuma, huua mpira?

Jibu tulilipata kwa fundi wa baiskeli, naye hakutumia kitabu. Mnajua akizibapo tundu la tairi la ndani hupaka kwanza gundi ile itokayo katika kichupa chembamba, iitwayo solusheni. Gundi ile ni nini? Ni mpira. Mpira ulioyeyushwa katika maji makali ya jamii ya petroli. Ukiiacha wazi, maji yale hupaa hewani na mpira hubaki. Kama petroli na jamaa zake wasingeweza kuuingia mpira na kuulegeza, solusheni isingekuwako, na kila mwenye baiskeli angetembea kwa miguu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1823 Charles Macintosh, mtu wa Glasgow, aliyeyusha mpira kwa mafuta makali yapatikanayo katika lami ya makaa ya mawe, akaupaka kati ya vitambaa viwili, akafanya koti lisilopitisha maji. Na hata leo Waingereza huita koti la mvua kwa jina lake. Mpira wa siku zile ulikuwa mbichi: wakati wa joto wanata, wakati wa baridi wapasuka. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto huwa imara, nyuzi zake zikifungana pamoja kama wavu. Tangu hapo petroli haiwezi kuuyeyusha wote ukawa uji. Walakini bado huingia katikati ya matundu ya wavu ule, na wavu hupanuka. Huko ndiko kuvimba tulikokuona. Mpira uliovimba una mafuta tumboni mwake; ukubwa umeongezeka, nguvu zimepungua, na ile tabia ya kubonyea na kurudi, ambayo ndiyo kazi yake yote, imekwisha.

Hapa tutatoka njiani kidogo, kwa kuwa sisi wa kusini mpira si mgeni kwetu. Wazee wa zamani walikuwa wakigema utomvu wa mibungo mwituni, mibungo ile ile ambayo matunda yake, mabungo, hufanywa kinywaji mpaka leo. Wakakunja utomvu ule kuwa madonge, nayo yakachukuliwa na wafanya biashara mpaka pwani ya Kilwa na Lindi. Wakati wa Wadachi mpira ulikuwa moja katika bidhaa kubwa za nchi, na mashamba ya mipira ya kupandwa yalikuwako upande wa Tanga na Morogoro. Halafu mwaka 1913 bei ikaanguka, maana mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa umejaa sokoni. Ulipokuja mwaka 1942, na Wajapani wakaiteka Malaya, Waingereza waliyakumbuka mashamba yaliyoachwa, na watu wakatiwa kazini kugema tena kwa ajili ya vita. Kwa hiyo mtu wa Songea akisema mpira haujui, amesahau tu.

Turudi. Mpira wa motokaa za leo, ule wa milango na wa paa, kwa kawaida hautoki mtini. Ni mpira wa kiwandani, na ulio mwingi huitwa kwa herufi nne, EPDM. Ulianza kuuzwa katika miaka ya 1960. Sifa yake ni kwamba huvumilia jua, mvua na hewa kupita mpira wa mti, ambao ukikaa juani hupasuka nyufa ndogo ndogo kama matope ya ziwa lililokauka. Lakini katika habari ya mafuta ya petroli EPDM ni dhaifu vile vile, huvimba. Uko mpira mwingine, uitwao nitraili, ambao umetengenezwa makusudi usivimbe kwa mafuta. Huo hutumika katika mabomba ya petroli na katika mipira izuiayo oili isivuje kwenye injini. Ndiyo sababu fundi wa injini husema, Mbona mimi napaka oili mpira mpya wa kichujio cha oili kila siku na hakuna neno? Asema kweli, kwa mpira wake. Akiichukua kanuni hiyo kuipeleka juu ya paa, amekosea. Kwa hiyo swali la kwanza si mafuta gani. Swali la kwanza ni mpira gani.

Wenzetu wa idara ya afya hawana haja ya kuambiwa. Wao hufundisha kila siku kwamba glavu nyembamba za mpira na mipira ya kinga haipakwi mafuta ya mgando, kwa maana huanza kulegea kwa dakika chache. Mafuta ya mgando ni mtoto wa petroli: Robert Chesebrough aliyatoa katika mabaki ya visima vya mafuta ya Marekani, akapata hati yake mwaka 1872, akayaita Vaseline. Ni mema kwa ngozi ya mtu. Kwa mpira wa paa ni grisi iliyovaa kanzu nyeupe.

Sasa tuyapitie yale ambayo watu wetu hupaka, maana tuliuliza huku na huku tukaambiwa mengi.

Oili chafu ya injini: hiyo ni mbaya kuliko zote, maana pamoja na kuvimbisha mpira ina masizi na asidi, tena huchafua nguo za abiria. Dizeli na mafuta ya taa: hayo huingia upesi zaidi kwa kuwa ni mepesi. Wengine husafishia mpira kwa mafuta ya taa na kusema umekuwa mweusi kama mpya. Ni kweli, ule weusi mnaouona kitambaani ni mpira wenyewe unaotoka. Dawa za makopo za kulegezea nati zenye kutu, nyingi zimefanywa kwa mafuta ya petroli. Zina kazi yake, na kazi yake ni nati.

Mafuta ya kula yana habari nyingine. Mafuta ya alizeti hayauvimbishi mpira kwa upesi kama dizeli, lakini yakikaa hewani hugeuka kuwa utando unaonata, kama ule ulio nyuma ya karai la kukaangia, na vumbi la Songea likikutana na utando ule hufanya msasa. Ya nazi huganda wakati wa baridi yetu ya Juni na Julai, tena huchacha yakanuka. Tuliyemwuliza mmoja alisema kwamba panya wake waliupenda sana mpira uliopakwa mafuta ya karanga. Hatukulichunguza neno hilo, lakini hatuna sababu ya kumshuku panya kuwa mjinga.

Mafuta ya nyonyo, yaani ya mbarika, yastahili kutajwa kwa heshima. Hayo hayaudhuru sana mpira wa mti, na kwa sababu hiyo motokaa za kwanza zenye breki za maji zilitumia mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na spiriti. Mwenye Land Rover ya kale yenye mipira ya mti anaweza kuyatumia kwa dharura. Lakini nayo hunata kwa siku nyingi na kukusanya vumbi, kwa hiyo hatuyachagui.

Yafaayo basi ni yapi? Ni mafuta ya silikoni. Haya hayatoki kisimani kama petroli. Asili yake ni silikoni ipatikanayo katika mchanga, ikaunganishwa na oksijeni katika mnyororo mrefu, na vitu vingine vidogo vikashikizwa kandoni. Mnyororo huo hauna udugu na mpira wa mti wala na EPDM, kwa hiyo hukaa juu bila kuingia ndani. Hufukuza maji. Hauogopi jua la Oktoba wala baridi ya Julai. Hufanya bati liteleze juu ya mpira lisiushike wala kuuchuna, nayo ile kelele hukoma. Mpira mmoja tu usipakwe: ule ambao wenyewe umefanywa kwa silikoni, kwa maana wa jamaa moja huingiliana. Lakini huo ni nadra kwenye milango na paa za motokaa. Hamna haja ya kukosa usingizi kwa ajili yake.

Huko Ulaya, Marekani na Japani, ambako watu hununua motokaa za kufunuliwa paa kwa ajili ya kuota jua, jambo hili limekuwa elimu nzima. Wajerumani wana vichupa vyenye sifongo kichwani, vilivyoandikwa Gummi Pflege, maana yake utunzaji wa mpira. Honda huuza grisi ya silikoni ya kampuni ya Shin-Etsu kwa ajili ya mipira ya milango na paa. Iko na grisi iitwayo Krytox, iliyobuniwa na kampuni ya DuPont, ambayo haiungani na kitu karibu chochote. Lakini bei ya tyubu ndogo yake yatosha kumnunulia mtoto sare za shule, nasi hatuwashauri.

Wala si mambo ya Wazungu peke yao. Nendeni Arusha au Nairobi mkatazame motokaa za watalii, ambazo paa lake huinuliwa ili wageni wasimame kutazama tembo na simba. Kuzunguka tundu lile la paa pana mpira, na mpira ule ndio uzuiao vumbi la Serengeti lisiwaingie wageni kooni. Dereva wa kazi ile ajua kwamba paa likikwama juu wakati mvua inashuka, hakuna mgeni atakayesikia udhuru.

Twaja kwenye ununuzi, na hapa makarani mtatumia ustadi wenu wa kusoma maandishi madogo. Silikoni huuzwa kwa namna mbili: grisi ndani ya tyubu, na maji ya kupuliza kutoka kopo la gesi. Ile ya tyubu twaipenda zaidi kwa paa la turubai, kwa kuwa hukaa siku nyingi na mtu huiweka mahali aitakapo. Ile ya kopo ni rahisi kwa milango, lakini isomeni kwanza. Makopo mengine yameandikwa silikoni kwa herufi kubwa mbele, na nyuma kwa herufi za mchwa imeandikwa kwamba sehemu kubwa ni maji ya jamii ya petroli, ya kuibeba silikoni ile. Mengi ya hayo hupaa upesi yasilete madhara makubwa, lakini likiwako kopo lililoandikwa kwamba ni salama kwa mpira, chukueni hilo. Lisiloandikwa vilivyomo, liacheni dukani. Tena kopo la gesi msilipulize moja kwa moja juu ya paa: pulizeni juu ya kitambaa, ndipo mpake kwa kitambaa. Silikoni ikirukia kioo cha mbele, usiku wa mvua kioo hufanya ukungu wa mafuta na dereva haoni. Ikirukia bati linalongoja rangi, rangi haishiki. Na isikaribie breki hata kidogo.

Kama silikoni haipatikani kabisa, nendeni duka la dawa mkanunue gliserini, ile ya kupaka ngozi, iliyo safi isiyotiwa mafuta mengine. Hiyo haiudhuru mpira. Kasoro yake ni kwamba maji huiosha, basi mvua mbili tatu zikipita hamna kitu. Unga wa talki nao wafaa wakati wa kiangazi kwa kuuzuia mpira usishikane na bati, lakini hufanya nguo za kwendea kazini kuwa kama za msaga unga.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Fungueni paa kivulini. Osheni mpira kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kwa kitambaa laini, mkifuata mfereji wake na kutoa mchanga uliojificha katika mikunjo, maana mchanga ukipakwa mafuta juu yake hubaki humo na kukata. Suuzeni, kausheni kwa kitambaa, ngojeni mpaka hakuna unyevu. Halafu chukueni grisi ya silikoni kiasi cha punje ya maharage, mpake kwa kidole urefu wa mkono mmoja, kisha punje nyingine, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ngojeni robo saa, mfute iliyozidi. Mpira ukionekana unalowa, mmepaka mno. Ukiguswa uteleze tu, bila kuacha alama kubwa kidoleni, inatosha. Kwa hali ya hewa yetu twaona mara tatu kwa mwaka ni kadiri: mwishoni mwa Oktoba kabla ya mvua, Februari katikati ya mvua, na Mei mvua zikiisha. Mkaao kwenye njia za vumbi ongezeni mara moja.

Na kabla ya kupaka, pimeni kama mpira bado una kazi. Kipimo chake ni karatasi, nacho hakitugharimu kitu sisi wa maofisi. Wekeni kipande cha karatasi juu ya mpira, fungeni paa au mlango, kisha kivuteni. Kikivutika kwa shida, mpira wabana. Kikitoka chenyewe kama barua katika bahasha isiyofungwa, mpira haubani mahali hapo, na mafuta ya namna yoyote hayatausaidia. Huenda kufuli ya paa imelegea na kukazwa tu. Huenda mpira umelala na wataka kubadilishwa. Tena mwenye kidirisha cha paa ajue kwamba pembeni kwake yako matundu madogo ya kutolea maji, yenye vibomba vishukavyo ndani ya nguzo za motokaa. Vibomba hivyo vikizibwa na majani na vumbi, maji hujaa na kumwagika ndani, na mwenyewe humlaumu mpira usio na kosa. Mimineni kikombe kimoja cha maji polepole mtazame kama yatoka chini. Uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, hutosha kuzibua. Msitumie waya, utatoboa kibomba.

Mpira uliokwisha kuvimba kama ule wetu, je, hupona? Kama umeguswa mara moja na mafuta kidogo, ukioshwa kwa sabuni upesi waweza kurudi. Wetu haukurudi. Tuliununua mwingine, uliotumika, uliotoka Dar es Salaam kwa basi, nasi tulichanga gharama yake bila kumwambia mwenye motokaa ni nani aliyechanga nini.

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililotufanya tukubali kusimama hapa, maana kwa ajili ya karatasi kulowa peke yake tungaliandika kipande kifupi tu ukutani. Katika breki za motokaa na za pikipiki nyingi imo mipira midogo, mfano wa vikombe na pete, ambayo husukumwa na maji ya breki. Maji yale, yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4, si mafuta ya petroli, na mipira ile kwa kawaida ni ya jamii moja na huu wa paa. Tumemsikia kijana mmoja wa pikipiki akisema mbele yetu kwamba maji ya breki yakipungua, hujaza oili ya injini, kwa kuwa yote ni mafuta. Hatukusema kitu siku ile. Tulikuwa hatujavimbisha mpira wetu bado. Lakini sasa fikirini. Mpira wa paa ukivimba, maji yaingia na karatasi zalowa. Mpira wa breki ukivimba, hubana njia ya kurudi, gurudumu likajifunga peke yake. Au hulegea na kupitisha maji, na dereva akanyagapo mteremkoni, mguu washuka mpaka sakafuni na motokaa isisimame. Mteremko mnaujua, wala hatuna haja ya kuutaja.

Wako waliotuuliza, Mbona basi motokaa za Citroën za zamani zilitiwa mafuta ya madini katika breki, yale ya rangi ya kijani? Kweli zilitiwa, na mipira yake ilifanywa kwa ajili ya mafuta hayo. Ukitia DOT 4 humo utaiharibu vile vile. Kila mpira na mafuta yake. Maandishi yako juu ya kifuniko cha chombo cha breki, nasi ndio watu ambao serikali hutulipa kwa sababu twajua kusoma.

Bwana Mwenyekiti, kwa habari ya gharama twaleta shauri hili. Tyubu moja ya grisi ya silikoni yatosha motokaa nyingi, kwa kuwa kila moja yataka kidogo sana. Haifai kila mtu anunue yake iishie kukauka kabatini. Tumenunua mbili, nazo zimewekwa kwa mtunza hazina pamoja na kitambaa na daftari. Mwenye kuhitaji ataandika jina lake na tarehe, apake, arudishe. Kopo letu la grisi ya magurudumu liko pale pale kwa ajili ya magurudumu, nasi tumebandika karatasi juu yake yenye neno moja: CHUMA.

Na mwenye motokaa ya turubai, au ya kidirisha cha paa, aje nayo siku ya kikao kijacho, Jumamosi saa tatu asubuhi, tuipime kwa karatasi kabla mvua ya Novemba haijaipima. Mwenye pikipiki naye aje, tutazame kifuniko cha breki yake. Yule kijana tuliyemtaja tumekwisha kumwalika.